Walisema barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, itaisha 2020, mbona bado tunaiona? Wataalam njooni hapa

MitumbaKiboriloni

Wakuu habari za jioni. Wa Arusha niaje, wa nyumbani shimboni.

Kuna kitu kinanisumbua tangu Desemba. Si mnajua sikukuu ndo tunapanda wote nyumbani, wa Dar wanakuja na magari, sisi wa Moshi mjini na vihaisi, kihamba (shamba la ukoo) kinajaa watu. Sasa tarehe 26 asubuhi tumekaa nje na babu, wajomba wapo, supu ipo, mlima umefunguka hauna hata wingu moja, unaona mpaka mikunjo yake. Binamu yangu anayesoma chuo akaanza kwamba barafu ya Kibo inaisha sababu ya mabadiliko ya tabianchi, wanasayansi wameonya sana ila watu hatusikii. Babu akanyoosha fimbo kuelekea juu, akamuuliza, "Ile nini?"

Binamu akasema barafu.

"Basi kunywa supu."

Aisee watu walicheka, mjomba mmoja supu ilimtoka puani. Halafu babu hakuishia hapo, akasema hao watu wako ni kama fundi cherehani, unampelekea kitambaa anakwambia njoo Jumamosi, ukienda Jumamosi anakwambia Jumatano, walisema 2015 haikuisha, wakasema 2020 haikuisha, sasa nasikia kwenye redio 2050, mimi sitakuwepo na wao hawatakuwepo, nani atamdai mwenzake?

Binamu alikosa la kusema na mimi pia, maana hata mimi nakumbuka tukiwa shule ya msingi tuliambiwa tutakua tukute mlima mweusi. Nimekua, nina watoto wawili, kila asubuhi nikifungua marobota sokoni naangalia juu, ipo.

Swali langu: walidanganya, walikosea au sisi ndo hatukuelewa? Na la pili, babu huyuhuyu anayewacheka kila siku analalamika mvua sio zile, Julai siku hizi sio Julai, zamani walikuwa wanalala na moto ndani. Sasa anakataa nini na anakubali nini? Matusi tuache nyumbani tafadhali.

kipara_wa_Rau

Babu yako apewe maua yake. Hiyo ya fundi cherehani nimeiba, naenda kuitumia kwa mwenye nyumba wangu.

chalii_Ngarenaro

Arifu, huku A-town wimbo ni mmoja, TMA, wale wa mamlaka ya hali ya hewa, wakisema mvua za wastani hadi juu ya wastani we anika dagaa. Hata mi nilikuwa naimba. Ila 2023 ilinifunga mdomo. Walitangaza mapema kabisa kwamba Elinino inakuja vuli hiyo, kitaa kila mtu anacheka, meme kama zote, afu Novemba mvua zikaanza kushuka kama zimetumwa, tarehe 3 Desemba Katesh tope likashuka toka mlima Hanang likafukia watu wamelala, zaidi ya watu 80 wameondoka. Nina mshkaji alikuwa na duka pale, la spea za pikipiki, yeye alipona sababu alilala Babati kwa shemeji yake. Alirudi akakuta bati la duka liko usawa wa magoti yake, yaani anasimama juu ya duka lake mwenyewe.

Nilimuuliza kwani hamkusikia tangazo? Akasema tulisikia. Mvua kubwa tulijua inakuja. Mlima ndo hatukujua kama unakuja.

Sa we mleta mada hapo utamlaumu nani? Aliyeonya alionya kweli. Ila kusikia "juu ya wastani" ni kitu kimoja, kuambiwa we hapo ulipolala toka ni kingine kabisa.

MitumbaKiboriloni

Dah pole sana kwa mshkaji. Hiyo ya mlima kuja imenikaa.

Ticha_wa_Jiografia

Mleta mada swali zuri sana, nipo likizo nina bando, nitaandika kirefu, mvivu wa kusoma apite hivi.

Hiyo 2020 haikuzuka hewani. Kuna profesa Mmarekani anaitwa Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, mwaka 2000 alipanda Kibo na timu yake wakatoboa barafu mahali sita, wakatoa nguzo za barafu kama unavyochomoa kiini cha mgomba, wakazipeleka maabara. Chini kabisa walikadiria barafu ina umri wa miaka karibu 11,700. Mwaka 2002 wakaandika kwenye jarida la Science kwamba KAMA hali ya hewa iliyopo itaendelea hivihivi, barafu inaelekea kuisha kati ya 2015 na 2020. Sasa lile "kama" lilidondoka njiani kama gunia la vitunguu kwenye fuso. Mwandishi wa habari hakulibeba, mwalimu (nakiri na mimi nimo) hakulifundisha, yule wa semina hakulitaja, kufika kwa babu yako limebaki tarehe tupu. Na tarehe tupu ikipita mtu anakuona muongo, hapo babu yuko sahihi.

Je walikosea? Kwa kasi ndio, walikosea, na wenzao walianza kuwapinga mapema tu. Mwaka 2004 Georg Kaser wa Innsbruck kule Austria na wenzake, akiwemo Douglas Hardy ambaye ana mitambo ya hali ya hewa kule kileleni tangu 2000, walisema jamani kule juu hewa iko chini ya sifuri muda mwingi, wastani kama nyuzi 7 chini ya sifuri, kwa hiyo msiseme tu joto limepanda barafu inayeyuka kama ya kwenye glasi. Nyingi haiwi maji kabisa, inageuka mvuke moja kwa moja. Umewahi kusahau vipande vya barafu kwenye friza miezi mitatu ukakuta vimepungua na hakuna tone la maji? Ndo hivyo. Jua linapiga zile kuta za barafu zilizosimama wima, hewa ni kavu, kuta zinarudi nyuma kidogo kidogo. Na hewa ilianza kukauka tangu mwishoni mwa miaka ya 1800, theluji ya kuifunika ikapungua.

Sasa hapo ndo wabishi wanaruka juu, "unaona! ni asili, sio joto!" Tulieni. Thompson alirudi tena 2009 na ushahidi kwamba sehemu ya juu kabisa ya ile nguzo, haifiki hata mita moja, ina alama za barafu iliyowahi kuyeyuka na kuganda tena, na huko chini kote kwenye hiyo miaka maelfu hakuna alama kama hizo. Kwa hiyo wanabishana kuhusu NAMNA inavyoondoka na joto la dunia limechangia kiasi gani na kupitia njia gani, maana hata huo ukavu unahusiana na bahari ya Hindi. Kwamba inaondoka hakuna anayebisha kati yao. 1912 zilikuwa kilomita za mraba kama 11 na nusu. 2011 zimebaki 1.76. Kuhusu lini itaisha, UNESCO 2022 walisema ifikapo 2050, wengine wameweka 2060, wengine walisema hata mapema kuliko hapo. Ukitaka kuwaita mafundi cherehani waite, ila kumbuka fundi wako akisogeza Jumamosi kitambaa bado kipo kwake. Hawa wakisogeza kitambaa kinazidi kukatwa.

Jingine dogo lakini ndo kubwa. Ulichokiona tarehe 26 Desemba baada ya vuli, una uhakika ni barafu? Sisi tunaita yote barafu. Ile nyeupe inayoshuka mpaka chini baada ya mvua ni theluji mpya, inakaa siku kadhaa au wiki inaondoka. Barafu yenyewe ya zamani ni vile vipande vimebaki, toka Moshi utaviona vizuri Septemba, kiangazi kikiwa kimekausha kila kitu. Mpeleke babu nje Septemba umuulize tena "ile nini".

Alafu kichekesho cha historia, tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Rebmann aliuona mlima huu, aliyekuwa anamuongoza akamwambia ile nyeupe ni "baridi", hana jina lingine. Rebmann akaandika Ulaya kwamba kuna theluji karibu na ikweta. Mabingwa wa jiografia wa London wakamcheka, mmoja anaitwa Cooley akambishia miaka na miaka bila kukanyaga huku, mpaka Von der Decken alipopanda 1861 na 1862 akathibitisha. Safari ile wasomi ndo walikataa kuamini ipo, leo wanatuambia inaondoka na sisi ndo tunakataa. Moja moja 😂

Neema_Tele

Mungu alimuahidi Nuhu majira hayatakoma. Tuombe tu, hao wanasayansi waliahidi nini wakatimiza?

Ticha_wa_Jiografia

Dada Neema simu uliyoandikia hapo walitimiza.

Neema_Tele

Sawa ticha. Lakini na maombi yapo.

mzalendo_halisi

Mnazunguka mbuyu. Shida ni nani anaonywa. Afrika nzima tunatoa kama asilimia 4 tu ya hewa chafu ya dunia, Tanzania hata haionekani kwenye chati, halafu anakuja mtu na gari la V8 limewashwa AC nje dakika arobaini linamsubiri, anamwambia mama anayepikia mafiga matatu kwamba aache kuni anaharibu dunia. Na mnashangaa mzee anakataa? Kule Baku 2024 kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi walikubaliana dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, tutaona kama zitafika Kiboriloni. Hizi ni hadithi za wazungu kutuzuia kuendelea.

Ticha_wa_Jiografia

Ya V8 nakuunga mkono mia. Ya "hadithi za wazungu" hapana mkuu. Kwenye IPCC, lile jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, mmoja wa makamu wenyeviti waliochaguliwa 2023 ni Mtanzania, Dkt. Ladislaus Chang'a, haohao TMA mnaowaanikia dagaa.

mzalendo_halisi

Hilo sikulijua. Ila V8 ibaki pale pale.

Mgumu_Barafu_Camp

Nimesoma nikiwa nimelala hoi nimeshuka jana na wageni sita. Mimi nimeanza kubeba mizigo nikiwa na miaka 19, sasa hivi ni muongoza wageni msaidizi, nimepita kileleni mara nyingi sihesabu tena. Ticha umeongea vizuri lakini niwaambie kwa macho.

Pale ndani ya kreta, lile shimo la kileleni, kuna barafu inaitwa Furtwängler. Wazee waliotufundisha kazi walikuwa wanatuambia ile ilikuwa kitu kimoja kikubwa, mimi nimekuta imeshapasuka katikati. Zamani tunalala kreta, mgeni anatoka hemani anaikuta imesimama hapo kama nyumba ya ghorofa, anagusa anapiga picha. Miaka ya karibuni kuna mahali nilikuwa namsimamisha mgeni nampiga picha ukuta uko nyuma ya mgongo wake, safari iliyopita nimemsimamisha palepale kwenye jiwe lilelile, nyuma kuna mchanga. Ukuta uko kule, inabidi utembee. Hakuna maji yaliyopita, hakuna tope. Mchanga mkavu tu.

Ila nitawaambia kitu ambacho sisi wenyewe hatusemi. Hilo onyo ni biashara. Wageni wengi wanakuja kwa sababu wameambiwa njoo uone kabla haijaisha, matangazo yanaandika hivyo. Mgeni ananiuliza kwa huzuni kabisa itaisha lini, mimi nikisema hivi karibuni anatoa tipu nzuri, nikisema bado sana anakuwa kama nimemuibia. Kwa hiyo mtu asidhani sisi wa mlimani hatuamini. Tunaamini, tunakula nayo. Ikiisha sijui tutakula na nini maana tangazo la "njoo uone ilipokuwa" sidhani kama lina wateja.

Jingine, watu wote macho kwenye kilele. Oktoba 2020 moto uliwaka siku na siku, zimeungua kama kilomita za mraba 95, toka mjini usiku mlikuwa mnaona mstari mwekundu mnapiga picha mnaposti. Mimi nilikuwa kwenye mstari huo na tawi mkononi, mapafu yananiwaka. Hakuna mgeni hata mmoja amewahi kuniuliza kuhusu huo moto.

mama_kihamba

Wanangu hamjambo. Mimi sio mtaalam, nasoma tu kimya siku zote, leo nitasema.

Huyu kijana wa mlimani ndiye kagusa penyewe. Sisi huku Kibosho barafu hatuinywi. Kuna mtafiti Mjerumani, Hemp, amekaa na misitu ya mlima huu miaka mingi, aliandika hivyohivyo kwamba maji yetu yanatoka kwenye msitu wala sio kwenye barafu, kwamba moto ukila msitu wa juu hasara ya maji ni kubwa kuliko barafu yote kuisha. Mwanangu alinisomea, nikamwambia hilo mbona hata bibi yako angemwambia bure. Ukipanda msituni asubuhi na ukungu, miti ile yenye ndevu, utasikia tone, tone, tone, na mvua hainyeshi. Ule ukungu unagonga ndevu unakuwa maji. Ukiondoa mti, ukungu unapita zake kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

Mfongo wetu, yaani mfereji wa maji ya shamba, ulichimbwa na wazee kabla ya babu yangu kuzaliwa. Nilipoolewa hapa zamu yetu ilikuwa Jumanne na Ijumaa, unafungua maji unalaza usiku kucha, migomba inakunywa mpaka unasikia ardhi inanguruma. Sasa zamu ipo, maji hayapo. Masika ikiwa nzuri yanakuja yanateremka kama kamba ya kiatu, Septemba ni majani makavu na mifuko ya plastiki.

Kahawa nayo. Mwanangu alinisomea kwamba watafiti walipekua takwimu za tangu 1961, wakakuta kinachoumiza kahawa ya arabika hapa nchini hasa ni usiku, usiku umepata joto, kila nyuzi moja ikipanda mavuno yanapungua kama kilo 137 kwa hekta. Nilikaa nikafikiri, kweli. Mchana sioni tofauti kubwa. Ni usiku. Zamani Julai nikitoka kukamua ng'ombe alfajiri vidole vinakufa ganzi, siwezi kufunga kanga. Sasa natoka na kanga moja tu.

Kwa hiyo kwa nini tunakataa? Hatukatai mwanangu. Walikuja hapa watu wa mradi mmoja, wakatukusanya ukumbini, wakatupa fulana na soda na posho ya nauli, wakatuambia neno hilo tabianchi mara mia, jirani yangu alidhani ni somo la uraia, nchi ina tabia mbaya. Wakatuambia tusikate miti. Mimi sijakata mti, nimepanda. Nikanyoosha mkono nikauliza, na usiku je, nitapoozaje usiku? Mwenyekiti akasema muda umetutupa mkono. Ile fulana nafutia meza.

Mtu akija kukuonya kitu ambacho umeshakiona kabla yake, halafu anakuonya kama wewe ndiye uliyekifanya, utamjibu nini? Utamnyooshea fimbo umwambie ile nini. Huyo babu yako simuoni mjinga.

kipara_wa_Rau

Mama shikamoo. Nilikuja kucheka humu sasa nimekaa kimya.

chalii_Ngarenaro

Shkamoo maza. "Nitapoozaje usiku" aisee.

MitumbaKiboriloni

Mama shikamoo sana. Ticha, mgumu, wote asanteni.

Mrejesho. Jumapili nilipanda nyumbani nikamsomea babu uzi huu wote, nilikuwa namsomea taratibu maana sikio moja halisikii. Kwa ticha alinung'unika, hiyo ya Septemba akasema "tutaona hiyo Septemba". Kwa V8 alipiga paja. Kwa mgumu alisema mpe pole ya mapafu. Nilipofika kwa mama, pale kwenye zamu ya Jumanne na Ijumaa, akaniambia simama hapo, rudia. Nikarudia. Akauliza huyo mama yuko upande gani wa Kibosho, na mfongo wao unachukua maji mto gani. Nikasema sijui babu, ni mtandaoni. Akakaa kimya muda mrefu sana, mpaka nikadhani amesinzia.

Kumbe kuna habari sisi wajukuu hatukuambiwa. Mfongo wetu ulikauka zamani, mimi sijazaliwa, na babu siku zote aliamini jirani wa juu ndiye anayeyafunga maji usiku apeleke kwenye shamba lake la nyanya. Hawakusalimiana miaka kumi na kitu, hata msibani walikuwa wanakaa pande tofauti. Ilifika mpaka baraza la kata.

kipara_wa_Rau

Ehe, kesi iliishaje?

MitumbaKiboriloni

Alishinda. Jirani akaamriwa afungue mbele ya wazee. Akafungua. Maji hayakuja.